Kabla ya Kununua Mpira: Kuanzisha Kikundi cha Burudani cha Watu Wazima Wenye Ulemavu Uganda

Kwa upande wa karatasi, Uganda haiko nyuma. Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake. Mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi burudani, mapumziko na michezo. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Wapo wabunge watano wanaowakilisha kundi hili, na madiwani wao hadi ngazi za chini. Lakini hakuna ibara inayompigia mtu simu Jumamosi mchana kumuuliza, "Leo unatoka?"

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuianza kazi hiyo, awe Kampala, Arua, Mbarara au katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ambako Kiswahili cha Wakongomani ndicho kinachowakutanisha majirani. Ninachoamini nakisema mapema: kikundi kimeiva pale wanachama wanapoanza kutafutana siku ambayo kikundi hakikutani. Mengine yote, mipira, fulana na picha za kumpelekea mfadhili, yanakuja baadaye.

Hatua ya 1: Uliza kwanza

Anza na watu wanne au watano. Waendee nyumbani. Waulize mambo matatu: unapenda kufanya nini, ungependa kuwa na nani, na nini kinakuzuia kutoka. Utashangaa ni wangapi hawataki mpira kabisa. Mmoja anataka kujifunza kusuka mikeka, mwingine kuimba kwaya, na mwingine anataka tu kukaa mjini na soda yake, mbele ya watu, asiwe na haraka ya kurudi.

Zungumza na mwenyewe. Mara nyingi mama atadakia, "Huyo haelewi, niulize mimi." Mjibu kwa adabu: "Sawa mama, na wewe nitakuuliza. Naomba kwanza nimsikie yeye." Kama hazungumzi, mwekee vitu viwili mbele yake, tuseme ubao wa ludo na mpira mdogo, uone mkono au macho yanaelekea wapi. Kisha nyamaza. Wengi wasiosema hujibu, ila jibu huchelewa, na mwulizaji mwenye haraka huwa ameshaondoka na maoni ya mama.

Na kumbuka unazungumza na mtu mzima. Mwanamume wa miaka 35 mwenye ulemavu wa akili hapewi vitabu vya kupaka rangi na nyimbo za chekechea. Muulize kama angependa kwenda kuangalia mechi ya Arsenal. Uganda hii, uwezekano ni mkubwa kwamba ana timu yake na ana maneno ya kusema juu ya kocha.

Hatua ya 2: Kaa na familia mpaka hofu isemwe

Familia inayomfungia mtu ndani mara nyingi haimchukii, inaogopa. Inaogopa atapotea, atachekwa, ataanguka kifafa barabarani. Kwa binti, inaogopa atadhulumiwa na arudi na mimba. Hofu hizi zina sababu, kwa hiyo usizijibu kwa hotuba ya haki za binadamu. Zijibu moja moja.

Kwa kifafa, hakikisha watu wawili kikundini wanajua la kufanya: sogeza vitu vinavyoweza kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimshike kwa nguvu. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mpelekeni kituo cha afya. Ukimweleza baba mambo hayo kwa utulivu, anaona unayajua kuliko majirani waliokuwa wakikimbilia vijiko.

Kwa hofu ya kudhulumiwa, weka kanuni zisizobembelezwa. Hakuna mtu anayebaki peke yake na mwanachama nyuma ya mlango uliofungwa. Anayehitaji msaada chooni anachagua mwenyewe wa kumsaidia. Kila mwanachama, hata asiyesema, afundishwe namna ya kukataa kuguswa na ajue ni nani wa kumwambia. Likitokea baya, halimalizwi kwa wazee kukaa na kutozana mbuzi. Linakwenda polisi, na mtu anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.

Halafu mpange namna mlezi atakavyorudi nyuma. Mara za mwanzo anakaa karibu. Baadaye anakaa upande wa pili wa uwanja. Baadaye anakwenda sokoni na kurudi. Msitaje tarehe, lakini kila mtu ajue safari inaelekea wapi. Wapo mama ambao kwao saa mbili hizo ndizo mapumziko ya kwanza baada ya miaka mingi, na wengine hawajui wafanye nini nazo.

Hatua ya 3: Kagua mahali, ukianza na choo

Usitazame uwanja, tazama choo. Mtu asiyeweza kuingia chooni hatakunywa chai, hatakunywa maji, na ataondoka mapema. Nenda na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, apite mwenyewe. Mlango wa sentimita 80 unatosha viti vingi. Wa 60, ambao ndio uliojaa kwenye vyoo vyetu vya shimo, hautoshi. Njia ya mteremko ipimwe hivi: kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi hujenga nusu yake, na kinachopatikana ni mahali pa kuangukia.

Choo cha shimo kinaweza kurekebishwa kwa fedha kidogo: fundi seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu na mikono miwili ya kushikilia, kiwe kinaoshwa na kuanikwa.

Fikiria mvua. Sehemu kubwa ya kusini na kati mvua ni Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na barabara ya murramu ikilowa, gurudumu la kiti linazama. Tafuta mahali penye paa: ukumbi wa kanisa, darasa la shule wikendi, baraza ya msikiti. Fikiria jua pia. Wanachama wenye ualbino wasipangiwe uwanja saa saba mchana. Anzeni baada ya saa kumi, na kofia pana na nguo za mikono mirefu ziwe jambo la kawaida kwa wote ili wao wasionekane wa ajabu.

Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kabla ya siku ya kwanza, ana kwa ana. Mwalike aje aangalie. Mwenyekiti aliyewahi kucheza nanyi hatauliza mara ya pili kwa nini watu hawa wanakusanyika.

Hatua ya 4: Usafiri, ambako pesa huishia

Hapa ndipo vikundi vingi hufia. Ukumbi unaweza kupewa bure, lakini boda boda haipandwi bure, na kwenye takisi, yaani basi dogo la abiria, kondakta akiona kiti cha magurudumu hudai nauli ya abiria wa ziada, au huiambia gari iondoke. Usianze kwa kukodi gari la kuwazoa watu wote. Litakula bajeti, na zaidi ya hapo litawafanya wanachama wawe mizigo inayosubiri kubebwa.

Kaeni na mwendesha boda mmoja au wawili wa kituo cha jirani, mpatane bei na namna ya kufunga kiti nyuma. Mwendesha boda anayemjua mtu kwa jina ni ulinzi mkubwa kuliko karatasi yoyote. Wanaoishi jirani waje pamoja.

Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, kusafiri peke yake ni somo la kupanga, nalo lina utaratibu wake. Kwanza mnakwenda pamoja, wewe ukitaja alama za njiani: kituo cha mafuta, msikiti wenye mnara wa kijani, muuza nanasi. Kisha anatangulia yeye, wewe unafuata nyuma hatua chache. Kisha unakaa kiti cha nyuma kabisa cha takisi, anamwambia kondakta mwenyewe, "Nishushe hapa." Kisha unamsubiri kituoni anakoshukia. Mwisho anakupigia simu akifika, au anabonyeza tu ukaona amepiga. Fundisha pia kupotea: akipitiliza kituo, afanye nini? Mjaribishe hilo kwa makusudi mkiwa pamoja. Mfukoni awe na kadi yenye jina la kituo chake na namba ya simu ya nyumbani, bila maneno ya kumtangaza ulemavu wake.

Asiyeona anaweza kukunja noti kila moja kwa namna yake: ya 1,000 haikunjwi, ya 5,000 inakunjwa mara moja kwa upana, ya 10,000 mara mbili, na kadhalika. Apange mwenyewe nyumbani kabla ya kutoka. Chenji anayorudishiwa aikunje palepale, hata kama watu nyuma wanaguna.

Hatua ya 5: Chagueni michezo, na msiipe heshima kupita kiasi

Uganda ina majina ya kujivunia. David Emong alileta medali ya fedha ya mbio za mita 1,500 kutoka Paralimpiki ya Rio mwaka 2016 na shaba kutoka Tokyo. Husnah Kukundakwe aliogelea Tokyo akiwa na miaka 14. Wasimulieni, lakini msikifanye kikundi kuwa kambi ya kutafuta medali. Wengi wanataka kucheka jioni moja kwa wiki na kwenda nyumbani wakiwa wamechoka vizuri.

Kwa wasioona kuna goloboli: watu watatu kila upande, wote wamefunikwa macho, mpira wenye kengele ndani unaviringishwa sakafuni na wapinzani wanaukinga kwa miili. Mpira halisi ni ghali. Chukua mpira wa kawaida, uvishe kavera (mifuko ya plastiki) mbili tatu na uzifunge vizuri. Zinapoburuzika zinapiga kelele ya kutosha. Kavera zinapigwa marufuku kila baada ya muda na haziishi, basi angalau hapa zina kazi. Sharti ni kimya: watazamaji wakishangilia mpira ukiwa unatembea, mchezo umekufa. Kwa kuwa wote wamefunikwa macho, wanaoona nao wanacheza kwa haki, na kwa kawaida wanafungwa.

Kwa wenye ulemavu mkubwa wa viungo kuna bocha, mchezo wa kurusha mipira sita kila upande ili ikae karibu iwezekanavyo na mpira mmoja mweupe. Soksi kuukuu zilizojazwa mchele au mchanga zinatosha. Asiyeweza kurusha anaviringisha kwenye bomba la plastiki lililokatwa kwa urefu. Anamwelekeza msaidizi bomba lielekezwe wapi, naye msaidizi haruhusiwi kugeuka kutazama mchezo. Ninaupenda utaratibu huo kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchezo: msaidizi anakuwa mikono tu, akili ni ya mchezaji.

Voliboli ya kukaa inataka uwanja wa mita 10 kwa 6 na kamba iliyofungwa kwa kimo cha mita moja na kidogo. Mkeka, nyasi au mchanga laini unafaa. Sheria kubwa ni moja: makalio yasiinuke unapougusa mpira. Wanaotembea wakiketishwa chini hugundua upesi kwamba miguu yao inawasumbua.

Wanaotumia kiti cha magurudumu wakumbushwe kujiinua au kuegemea upande kila baada ya dakika chache, hasa wenye jeraha la uti wa mgongo wasiohisi makalio. Kidonda cha kukaliwa kinaweza kumtoa mtu kikundini kwa miezi.

Msisahau burudani ambayo tayari ipo mtaani. Mweso, yaani bao la Uganda, chini ya mwembe. Karata. Meza ya puli. Saluni ya kusuka. Kibanda cha kuonyeshea mpira siku ya mechi kubwa, ambako asiyeona anahitaji tu jirani wa kumwambia nani ana mpira, na jirani huyo hupatikana bila kuitwa. Kwa maoni yangu, saa moja kwenye kibanda hicho inazaa uhuru kuliko saa tatu kwenye ukumbi wa watu wenye ulemavu peke yao, kwa sababu Jumanne mtu anaweza kurudi bila wewe. Tangulia tu ukaongee na mwenye kibanda kuhusu ngazi ya mlangoni.

Hatua ya 6: Wasio na ulemavu waje kama wanachama

Walipe mchango uleule, wacheze, wafungwe, wabebe viti. Anayekuja kusaidia humaliza msaada akaondoka. Anayekuja kucheza hurudi kulipa kisasi cha kufungwa. Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili ambalo liko pia Uganda, lina utaratibu wa timu za mchanganyiko unaofuata wazo hilohilo.

Kila mwanachama awe na kazi, na iwe kazi ya kweli. Asiyeona anapokea simu za kuuliza kama leo kuna mvua. Mwenye ulemavu wa akili anahesabu waliofika ili muuza rolekisi (chapati iliyokunjwa na mayai) ajue akaange ngapi. Akikosea, watu watabaki na njaa, na hapo ndipo kazi inakuwa kazi. Kiziwi ashike saa ya mchezo, mradi filimbi ibadilishwe iwe kitambaa cha kupunga, ambacho wengine wamwambie asiyeona kimepungwa.

Kuhusu viziwi: kikundi kizima kijifunze ishara za msingi za Lugha ya Alama ya Uganda, kidogo kidogo, mwalimu akiwa kiziwi mwenyewe. Chama cha taifa cha viziwi, UNAD, kinaweza kuwaelekeza. Mkalimani ni muhimu kwenye mikutano ya maamuzi, lakini urafiki hauwezi kupita kwa mkalimani kila siku. Kwenye makazi ya wakimbizi utakuta kiziwi kutoka Kongo ana alama tofauti, au ana zile za nyumbani kwao tu. Mpe muda, na mfanye afundishe zake pia.

Hatua ya 7: Tengenezea urafiki nafasi, kisha ondoka njiani

Urafiki hutokea kabla ya mchezo na baada yake. Kwa hiyo fungua mapema, funga kwa kuchelewa, na usijaze ratiba. Chai iwe ndefu. Kaeni kwa duara ndogo. Kwenye duara la watu ishirini asiyesikia vizuri na asiye na maneno mengi wote wanapotea.

Saidia watu wabadilishane namba. Kwenye kundi la WhatsApp, anayetuma picha aseme kwa sauti ni picha ya nini, na anayetuma sauti aandike ufupisho wake. Asiye na simu janja apangiwe mtu wa kumpigia. Mwanachama akikosa kuja, anayempigia asiwe mwenyekiti kila mara, awe mwenzake waliyecheza naye upande mmoja. Kukiwa na msiba, nendeni. Mwanachama mwenye ulemavu achangie rambirambi kama wengine, hata kama ni shilingi elfu moja, na jina lake lisomwe. Watu hawa wamehudhuria misiba maisha yao yote wakiwekwa kwenye chumba cha nyuma.

Mapenzi yatatokea. Ni watu wazima. Kazi yako ni kuhakikisha wote wawili wanataka, wanaelewa, na wanajua mahali pa kupata uzazi wa mpango na ushauri. Baadhi ya viongozi hupiga marufuku uhusiano kikundini ili kuituliza familia. Naona ni kosa, maana wapenzi watajificha, na kinachofichwa ndicho kisicholindwa.

Hatua ya 8: Pesa na karatasi

Muwe na mchango mdogo wa kila mkutano, anaolipa kila mtu. Jihadhari na ugonjwa wa kurudishiwa nauli: mradi unakuja, kila anayehudhuria anapewa bahasha, idadi inapanda, mradi unaisha, uwanja unabaki mtupu. Kama mna fedha ya nauli, mpeni mwenye gharama ya kweli, mkiamua pamoja ni nani.

Mkitaka kujisajili kama kikundi cha jamii, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo. Mtaombwa katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na barua ya LC1. Serikali ina ruzuku maalum kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, lakini hiyo inalenga miradi ya kuingiza kipato, kwa hiyo msiiombe ikanunue mipira kisha mkaulizwa nguruwe wako wapi. Mtafuteni diwani wa watu wenye ulemavu wa eneo lenu, na chama cha wilaya kilicho chini ya NUDIPU, mwavuli wa kitaifa wa vyama vya watu wenye ulemavu uliopo tangu 1987. Hao ndio wanaojua bajeti ya wilaya ina nini na uwanja upi unaweza kuombwa.

Mweka hazina awe na ulemavu, mwenyekiti pia ikiwezekana, na uchaguzi ufanyike kila mwaka. Ufunguo wa stoo usikae kwako.

Hatua ya 9: Baada ya miezi sita

Wakusanye na uwaulize, mmoja mmoja kwa wale wasiopenda kusema mbele ya watu: Nani amebadilisha ratiba mara ya mwisho, wewe au wao? Nani anakuja peke yake sasa ambaye mwanzoni aliletwa? Nani ana namba ya nani? Nani alikutana na nani wiki iliyopita nje ya hapa?

Swali hilo la mwisho likikosa jibu, usiongeze shughuli. Punguza. Jumamosi moja kila mwezi tangaza kwamba hakuna programu, ukumbi umefungwa, na wewe umesafiri. Wape wiki mbili kabla wajue. Anayetaka kukutana na mwenzake apange mwenyewe: wapi, saa ngapi, kwa boda ya nani. Mara ya kwanza huenda asitoke mtu. Rudia mwezi unaofuata, na simu yako uiache nyumbani.